Mpaka Uliopiga Goti

Ukungu wa Kasulu hauna haraka. Alfajiri hupanda kutoka bondeni, hupita juu ya migomba na kuingia vibarazani kama mgeni asiyebisha hodi. Kabla jua halijapata nguvu ya kuuondoa, watu wa mtaa wa Murugongo huwa wamekwisha kuinusa mikate ya Bi Mwajabu bila kuiona nyumba inamookwa. Wapo waliosema kwamba asubuhi za namna hiyo hawakuhitaji macho. Waliifuata harufu, wakaukuta mlango.

Bi Mwajabu, ambaye wengi walimwita Mama Firdausi kwa jina la binti yake wa pekee, alikuwa mjane mwembamba, mtaratibu wa maneno, mwenye tabia ya kwenda mbali kwa mawazo huku mikono yake ikiendelea kukanda unga. Ungeweza kumsalimu mara mbili kabla hajarudi. Akirudi, alitabasamu kwa haya kama mtu aliyekutwa amesinzia, kisha akaziitikia salamu zote mbili.

Jiko lake la kuokea lilikuwa kibanda upande wa juu wa kiwanja, na ndani yake lilikaa tanuri la udongo wa kichuguu, lenye tumbo la mviringo na mdomo mdogo. Lilijengwa na marehemu mumewe, Isihaka, mchuuzi wa chumvi na sabuni za mawese aliyepanda kutoka Ujiji akiwa kijana, akachoka kutembea alipofika hapa. Isihaka alikuwa akisema kwamba tanuri likihamishwa hufa, kwa sababu udongo wake umekwisha kuuzoea upepo wa mahali pamoja. Bi Mwajabu hakujua kama hayo yalikuwa ya kweli au yalikuwa maneno ya mtu aliyeipenda kazi yake. Alichojua ni kwamba alipoegemeza kiganja ubavuni mwa tanuri baada ya mikate kutoka, alihisi kama ameegemea mgongo wa mtu aliyelala.

Ardhi yenyewe Isihaka aliipata kwa mzee Nkunzimana, Muha wa pale pale, ambaye hakutaka kusikia habari za bei. Alitaka tu, alisema, jirani anayeamka mapema. Kwa sababu hiyo Isihaka aliishi pale kwa adabu ya mgeni hadi siku yake ya mwisho. "Mke wangu," alizoea kusema, "hapa tumekaribishwa. Aliyepewa mkeka wa watu hapanui miguu." Neno hilo lilimwingia Bi Mwajabu likakaa. Hata baada ya mzee Nkunzimana kufariki, na Isihaka kumfuata, mpita njia akiuliza, "Hapa ni kwa nani?" yeye alijibu, "Hapa tulikaribishwa na baba yake Tharsisi."

Tharsisi, mwana wa Nkunzimana, sasa naye alikuwa mzee. Alifuga nyuki. Mizinga yake ilining'inia kwenye miti upande wa chini, karibu na migomba, na yeye mwenyewe alitembea polepole kama mtu anayechelea kuwashtua. Kila asubuhi, moto ukiwa unashika ndani ya tanuri, Bi Mwajabu alitoka nje, na Tharsisi alikuja kutoka upande wake, wakakutana mpakani. Walishikana viwiko kama Waha washikanavyo, wakaanza.

"Mwakeye, Mama Firdausi."

"Mwakeye neza, Mzee Tharsisi. Mmeamkaje?"

"Tumeamka. Usingizi?"

"Ulikuwepo. Na nyuki?"

"Wamelala, lakini wanasikia. Na unga?"

"Umeumuka."

Waliendelea hivyo, kuulizana mvua, watoto walio mbali, kifua, goti, mpaka harufu ya kuni ilipobadilika na Bi Mwajabu akajua kwamba tanuri limeiva. Salamu ya Waha haina njia ya mkato. Mahali hapo walipokuwa wakisimama hapakuwa na ua wala jiwe. Kila mmoja alijua mpaka ulipo kama mtu ajuavyo mahali jino lake lilipo bila kutazama kioo.

Basi miaka ya karibuni ikaja habari ya urasimishaji. Mji uliazimia kuupima mtaa wa Murugongo, kuuchorea mchoro wa viwanja, na hatimaye kumpatia kila mwenye nyumba hati yake. Lilikuwa jambo jema na watu walilifurahia. Wapimaji walipita nyumba hata nyumba wakimwomba kila mtu ajitokeze, asimame mpakani mwake, aonyeshe kwa mkono.

Hapa lazima ielezwe desturi moja, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Mtu aliyelelewa vema katika milima hii, akiambiwa aonyeshe mpaka, haonyeshi penyewe. Hurudi nyuma hatua moja ndani ya kwake na kuonyesha hapo. Huitwa kumwachia jirani unyayo. Naye jirani, akiwa amelelewa vema vilevile, hupiga kelele, "La, la, umepunjika! Sogea!" na kumvuta mkono. Huyu hukataa, yule huvuta, wanacheka, na mwisho wa kuvutana huko miguu yao hujikuta imesimama pale hasa mpaka ulipo. Ni mchezo wa watu wawili.

Siku ile haikuchezwa na watu wawili. Wapimaji walimkuta Tharsisi asubuhi, wakati Bi Mwajabu amepeleka mikate sokoni. Tharsisi akarudi nyuma kwa adabu, tena akarudi hatua ya ziada kwa kuwa jirani ni mjane, akaonyesha. Hakuwapo wa kumvuta. Alasiri walimkuta Bi Mwajabu, wakati huo Tharsisi yuko porini kwenye mizinga yake mingine. Bi Mwajabu naye akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa kibanda cha tanuri, kwa kuwa mgeni hapanui miguu, akaonyesha hapo. Naye hakuwapo wa kumvuta. Wapimaji waliandika walichoonyeshwa, wakaaga na kwenda zao.

Adabu ya watu wawili ikifanywa na mmoja mmoja huacha pengo katikati. Pengo hilo lilikwenda mjini likiwa ndani ya vifaa vya wapimaji, likaingia katika mchoro, na aliyeuchora, mtu asiyewahi kuiona Murugongo, aliona ukanda mwembamba usiokuwa na mwenyewe kati ya viwanja viwili. Akafanya kama kazi yake ilivyomfundisha. Aliuandika kuwa njia. Na kwa kuwa njia kwenye mchoro ina upana wake uliowekwa, aliupanua huku na huku hadi ukatimia. Mchoro ulibandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa ili wenye pingamizi waseme. Bi Mwajabu alikwenda, akalitafuta jina lake, akalikuta limeandikwa vizuri, akarudi nyumbani ameridhika. Tharsisi alifanya hivyo hivyo. Mchoro ukapita vikao vyake, ukaidhinishwa.

Kwa muda mrefu ukanda ule uliishi katika mchoro tu. Kisha, asubuhi moja ya ukungu mwingi, alikuja kijana wa halmashauri mwenye kopo la rangi nyekundu. Alinunua kwanza skonzi mbili, akazila amesimama, akazisifu kwa dhati. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona aibu, kama kile kibanda ni cha nani.

"Ni jiko letu," alisema Bi Mwajabu. "Kwa nini, mwanangu?"

"Samahani, mama. Kipo ndani ya barabara."

Bi Mwajabu alitazama huku na huku kana kwamba barabara ingeweza kuwa imefika wakati wa usingizi wake. Hakuona ila ukungu. Kijana alichovya brashi na kuchora alama ya X juu ya ukuta, na kwa kuwa ukuta ulikuwa na joto, rangi ilikauka pale pale. Tanuri likibomolewa, mikate ingetoweka nalo. Na bila mikate hakuwa na cha kumweka Kasulu. Alilijua hilo kabla kijana hajaondoka. Alibaki amesimama, kiganja juu ya ukuta pembeni mwa ile alama, mpaka kitu kilichokuwa ndani ya tanuri kikaungua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Isihaka afariki.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Mudathiri, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi, aliwachukua yeye na Tharsisi mpaka kwa afisa mipango miji. Afisa huyo aliitwa Marselino. Aliwatandikia mchoro mezani, akawaonyesha kila kiwanja, kisha akaweka kidole juu ya ukanda.

"Ardhi haikosi mwenyewe, wazee wangu," alisema. "Kwenye mchoro, ikikosa mwenyewe, ni barabara."

"Barabara iendayo wapi?" aliuliza Tharsisi.

Marselino alifuata ukanda kwa kidole mpaka mwisho. "Kwenye migomba yako, mzee. Na miti hii ya mizinga nayo imo." Alikuna kidevu. "Nakubali, ni kosa. Lakini ni kosa lililokwisha kuidhinishwa. Kinachowezekana ni kuomba marekebisho ya mchoro. Mtakubaliana mpaka mmoja, mtautia saini wote wawili, mkutano wa mtaa utaridhia, tutaweka tangazo, kamati ya halmashauri itakuja kukagua, halafu itaamua. Kikao kinachofuata hakiko mbali, na baada ya hapo wanapanda bikoni, yale mawe ya mipaka. Bikoni zikishapandwa, mama, sitaweza kukusaidia." Alichukua penseli. "Rahisi ni kupasua katikati. Nusu huku, nusu huku. Ndivyo?"

Tharsisi aliondoa mikono yake mezani.

"Mimi sichukui," alisema. "Nilikwisha kumwachia. Nilichokiacha mbele ya watu wa serikali nikirudie leo? Watasema mtoto wa Nkunzimana anamvuta mjane kanzu."

"Basi achukue mama yote."

"Yote!" Bi Mwajabu alishtuka. "Mimi ni nani? Achukue Mzee Tharsisi. Ni ardhi ya baba yake."

"Na tanuri lako, mama?"

"Tanuri ni langu. Ardhi tulikaribishwa."

"Yoo! Chukua, Mama Firdausi!"

"Chukua wewe, mzee wangu."

Marselino aliweka penseli chini. "Nimekaa na watu waliopelekana mahakamani kwa unyayo mmoja," alisema. "Wa kupigana ili wasiupate sijawahi kuwaona."

"Ndiyo Murugongo hiyo," alisema Mudathiri. "Hata msibani tunasukumana mlangoni, kila mtu anataka mwenzake aingie kwanza. Maiti anachoka kusubiri."

Walicheka wote, akiwamo Tharsisi, lakini walirudi bila mstari.

Siku zilizofuata zilikuwa za namna ya ndoto. Bi Mwajabu aliendelea kuoka, na kila asubuhi alikutana na Tharsisi mahali pale pale, wakashikana viwiko, wakaulizana usingizi na nyuki na unga. Ila sasa kila mmoja alisimama nyuma kidogo, na mikono ilibidi inyooke ili ifike. Katikati yao ukanda ulikuwa umeota majani mapya na maua madogo ya rangi ya maziwa. Kuku walitaga humo. Wakati mwingine, ukungu ulipokuwa mzito, Bi Mwajabu alimwona Isihaka akipita ukandani na mfuko wake wa chumvi begani, anakwenda bila kugeuka, kama mtu aliyeonyeshwa barabara akaamini ni yake. Alitaka kumwita. Hakujua amwite asimame upande gani.

Firdausi alimpigia simu kutoka Kitahana, huko Kibondo, alikoolewa. "Mama, usijitese. Njoo ukae huku. Udongo wa kichuguu upo, mume wangu ameshaulundika uani. Tutalijenga jingine."

Akaenda. Alijiambia kuwa anakwenda kuangalia tu.

Kitahana ilimpokea kwa jua na mashamba ya mahindi yaliyokuwa yanaanza kukauka. Lile lundo la udongo lilikuwapo kweli, jekundu, zuri, limepondwapondwa na kuchekechwa. Bi Mwajabu alilichota kwa mkono. Lilikuwa na joto, lakini lilikuwa joto la jua, la juu juu, na alipofumba kiganja likapoa. Alikaa kwenye kigoda karibu nalo muda mrefu. Aliona jinsi maisha yake yangekuwa: mikate ingeumuka, wajukuu wangeila, na mtu angeuliza "Hapa ni kwa nani?" naye angesema, "Hapa nimekaribishwa na mkwe wangu." Angekuwa mgeni tena, mara ya pili, wa mtu mwingine. Jambo hilo halikumkasirisha. Lilimchosha tu, kama mlima wa mwisho unavyomchosha aliyekwisha kupanda mingine yote.

Akiwa hapo hapo, mwanamke wa nyumba ya jirani aliingia na kapu la maharage mabichi. Firdausi alilipokea kwa mikono miwili, akayamimina maharage ungoni, kisha, kabla hajalirudisha, akaingia ndani na kutoka na skonzi ambazo mama yake alikuwa amekuja nazo. Akazipanga ndani ya kapu. Jirani akaondoka akiimba.

"Umezitoa zote," alisema Bi Mwajabu.

"Sasa ningelirudishaje tupu, mama? Si wewe uliyenifundisha? Likirudi tupu ndiyo umemwambia asije tena."

"Na kama ungelikataa?"

Firdausi alicheka. "Kapu la jirani? Nani alikatae? Hilo si adabu, mama. Hilo ni tusi."

Bi Mwajabu alikuwa amekwenda mbali tena, na binti yake, aliyeizoea safari hiyo, alimwacha akaendelea kuchambua maharage. Lakini mara hii hakwenda kwa Isihaka. Alikwenda ukandani. Alimwona Tharsisi amesimama upande wake, amenyoosha mikono, na mikononi ana kapu; akajiona yeye mwenyewe amesimama upande wa pili, naye ana kapu, amelinyoosha; na wote wawili, kwa siku zote hizo, wanatikisa vichwa kwa heshima kubwa, wakitukanana.

"Firdausi," alisema aliporudi. "Huu udongo, jengeeni jiko la kupikia. Mimi nataka kuwahi gari la kesho."

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, aliwasha tanuri, akasubiri moto ushike, kisha akachota majivu ya jana kwenye ndoo na kutoka nayo. Ukungu ulikuwa mwepesi. Tharsisi alikuwa amefika.

"Mwakeye, Mama Firdausi. Kibondo hawajambo?"

"Hawajambo, mzee wangu." Wakamaliza salamu zote, bila kuruka hata moja. Kisha Bi Mwajabu akavuta pumzi. "Mzee Tharsisi, siku ile ya wapimaji uliniachia unyayo."

"Ego, ndiyo, niliuacha."

"Naupokea."

Neno lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Akapiga goti, kama mwanamke apigavyo apewapo kitu na mkubwa wake, na kupokea hewa kwa mikono miwili. Tharsisi alimtazama. Akaitikia kwa kichwa, polepole, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Baba angefurahi," alisema. "Alikuwa akisema, 'Yule Isihaka mtu mzuri, lakini miaka yote hii hajakaa chini.'"

"Lakini kapu halirudi tupu," alisema Bi Mwajabu, akainuka. "Mimi nami nilikuachia."

"La, la! Mimi nina..."

"Mzee wangu. Kapu la jirani?"

Tharsisi aliangalia chini kwenye mizinga, akaangalia juu kwenye kibanda, na taratibu uso wake ukaanza kufunguka. Bi Mwajabu alianza kumwaga majivu. Upande wa juu, penye tanuri, alipita mbali, pale pale Tharsisi alipokuwa amerudi kusimama siku ile. Ukanda wote wa huko ukawa wake. Alipofika katikati, penye maua ya rangi ya maziwa, alikata kona, akavuka, na kuendelea chini akiufuata mstari aliokuwa ameuonyesha yeye mwenyewe. Ukanda wote wa huko, pamoja na miti ya mizinga, ukawa wa Tharsisi. Hakuna aliyepunjwa, hakuna aliyezidishiwa. Mstari wa majivu ulishuka, ukakunja, ukashuka tena.

"Umepiga goti," alisema Tharsisi.

"Nani?"

"Mpaka."

Mkutano wa mtaa haukuwa mrefu. Aliyepinga ni Saady, mwenye duka la simenti, aliyesimama na kusema kwamba barabara ni maendeleo na mkate haupaswi kuzuia maendeleo.

"Hiyo barabara inakwenda wapi, Saady?" aliuliza Mudathiri.

"Inakwenda... inakwenda chini."

"Chini kwa nani?"

"Si huko kwenye migomba."

"Basi ukifika huko na simenti yako, wauzie tumbili."

Watu walicheka, Saady mwenyewe akacheka, na walipoulizwa wanaoridhia waliinua mikono, naye akainua wake. Marselino aliupima mstari wa majivu mwenyewe, akauchora upya, na tangazo likabandikwa. Safari hii Bi Mwajabu hakulitafuta jina lake. Aliutafuta mstari, akaufuata kwa kidole kutoka juu mpaka chini.

Siku kamati ilipokuja kukagua, alikuwa ameoka tangu alfajiri, akijua kwamba watu wa halmashauri hukagua vizuri zaidi wakiwa wameshiba. Madiwani walisimama kwenye majani wakiwa na mchoro uliokunjuliwa, upepo ukiuvutavuta. Mmoja wao, mtu mkubwa mwenye miwani, aliinama akatazama, akainuka, akatazama tena.

"Marselino, kwa nini hapa panakunja? Mipaka yote mingine imenyooka. Huu mmoja umeinama kama mtu anayesalimia."

"Ni makubaliano ya majirani, mheshimiwa."

"Naona hivyo. Lakini kwa nini wasinyooshe tu? Katikati, basi."

Marselino alimtazama Bi Mwajabu. Wote wakamtazama. Siku nyingine yoyote angesema, "Mwulizeni Mzee Tharsisi, sisi hapa tulikaribishwa." Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kufika ulimini. Akatazama mlango mweusi wa tanuri, na ile X iliyokuwa imeanza kufunikwa na masizi.

"Mheshimiwa," alisema, "hapa juu ni pangu. Alinipa jirani yangu nami nikapokea. Pale chini ni pake. Nilimpa mimi, naye akapokea. Tukinyoosha, kila mtu atakuwa amemrudishia mwenzake kapu. Hatutaweza kusalimiana tena."

Diwani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, ijapokuwa haikuwa na ukungu. "Mzee, ndivyo?"

"Ndivyo," alisema Tharsisi. "Na skonzi zitapoa."

Kamati ilikaa wiki hiyo hiyo. Mudathiri ndiye aliyeleta jibu, akipiga kelele tangu njiani, hata mtaa wote ukajua kabla Bi Mwajabu hajajua: marekebisho yameidhinishwa, njia imefutwa, mpaka unabaki ulivyochorwa. Bi Mwajabu alikaa juu ya gunia la unga, akalia kidogo, kisha akauliza kama Mudathiri amekunywa chai.

Wapimaji walirudi kupanda bikoni. Walipanda mbili pale mpaka unapokunja, upande huu na upande ule wa maua, na kuyakanyaga kidogo, lakini yaliota tena. Kila alfajiri Bi Mwajabu na Tharsisi husimama hapo, karibu kiasi kwamba mikono haihitaji kunyooka, wakiulizana mpaka kuni zibadilike harufu. Alama nyekundu hakuifuta. Aliliachia tanuri liifanyie kazi, na masizi yakaifunika taratibu hata ikabaki kama kivuli cha kitu kilichowahi kupita.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa umetanda kiasi cha kuzificha hata bikoni, ilisikika sauti ya mwanamke aliyekuwa amepotea njia ya kwenda Titye na kuifuata harufu.

"Hodi! Hapa ni kwa nani jamani?"

Bi Mwajabu alikuwa mbali kwa mawazo, mikono ndani ya unga. Mwanamke akauliza mara ya pili.

"Ni kwangu," alisema Bi Mwajabu, akafuta mikono. "Karibu, mama. Karibu ukae."